1.95 iliyogeuka 1.85: kisa cha kampuni ya kubeti yenye mkato mdogo kuingia soko la leseni

Kisa hiki nilikiona kwa karibu nikiwa upande wa bei na hesabu. Jina la kampuni, nchi, miaka na sarafu nimeviondoa, na namba chache nimezisogeza kidogo ili asitambulike mtu, ila uwiano wake ni uleule. Humu ndani kampuni yenyewe naiita Kampuni, na nchi iliyotaka kuingia naiita Soko. Kinachofaa kusomwa hapa si kwamba Kampuni ilishindwa. Makampuni hushindwa kila siku. Ni kwamba ilishindwa kwa sababu ya kile kile kilichoifanya ipendwe kwingine: ilikuwa inauza odi (namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda) kwa bei nafuu.

Usuli: biashara ya mkato mwembamba

Kwanza tuelewane kuhusu neno mkato. Chukua mechi ambayo uwezekano wa magoli kuzidi mawili na nusu ni sawa na uwezekano wa kutozidi, yaani nusu kwa nusu. Odi ya haki hapo ni 2.00 kila upande. Hakuna kampuni itakayokupa hiyo. Kampuni nyingi zinazotangaza kwenye jezi na redio zingekupa 1.87 kwa 1.87, na kwa muda mrefu zingebaki na 6.5 katika kila 100 zinazowekwa. Kampuni ninayoisimulia ilikuwa inatoa 1.95 kwa 1.95. Ilibaki na 2.5. Hicho kinachobaki ndicho mkato.

Mtu wa kawaida anayeweka dau Jumamosi jioni haoni tofauti kubwa kati ya 1.87 na 1.95. Anayebeti kila siku kama kazi anaiona kama mwenye duka anavyoiona bei ya jumla. Ndiyo maana wateja wa Kampuni walikuwa wachache ukihesabu vichwa, ila madau yao yalikuwa makubwa na yalizunguka sana.

Biashara ya namna hii ina miguu mitatu. Wa kwanza ni wingi wa madau, maana 2.5 ya fedha kidogo haiwezi kulipa hata umeme wa seva. Wa pili ni kutotumia fedha kwenye matangazo na bonasi. Odi yenyewe ndiyo tangazo. Wa tatu watu wa nje huwa hawauoni, nao ndio muhimu kuliko yote: Kampuni haikuwafukuza wateja wanaoshinda. Kampuni za mkato mnene zikigundua mtu anashinda mara kwa mara humpunguzia kikomo cha dau mpaka aone aibu kubeti. Kampuni ilimwacha, na ikasogeza bei kila alipoweka dau. Mbashiri mweledi alikuwa kama mshauri wa bei ambaye mshahara wake ni ile 1.95. Akiweka dau kubwa upande mmoja, wapanga odi wanajua kuna kitu hawajakiona: mchezaji ameumia, uwanja umejaa maji, au wao wenyewe wamekosea hesabu. Bei inasahihishwa kabla halaiki haijafika.

Upande wa pili ni Soko. Kwa miaka mingi kubashiri mtandaoni huko kulikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, kisha sheria mpya ikafungua mlango kwa leseni. Masharti yalikuwa haya: kodi ya 5% ya kila dau, iwe mteja ameshinda au ameshindwa, kikomo cha fedha ambazo mtu mmoja anaweza kuweka kwa mwezi, orodha ya mashindano na aina za dau zinazoruhusiwa, seva ya kumbukumbu ndani ya nchi ambayo kila dau lazima lipitie, na maabara ya kukagua kila programu inayogusa bei au fedha. Tovuti zisizo na leseni zingefungiwa, na benki zingekatazwa kuzipitishia fedha.

Masharti ya aina hii si ya nchi moja. Ujerumani ilianza kutoza 5% ya madau mwaka 2012, ikaipandisha kuwa 5.3% Julai 2021, na mwaka huohuo ikaweka kikomo cha kawaida cha kuweka euro 1,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja, kikijumlisha kampuni zote. Poland inatoza 12% ya madau. Ufaransa ilipofungua soko lake mwaka 2010 ilitoza kodi kwenye madau na pia ikaweka dari ya wastani wa kinachorudishwa kwa wachezaji: 85%. Isome tena hiyo. Kampuni inayorudisha 97.5 katika kila 100 ingekuwa inavunja sheria kwa ukarimu.

Mfuatano wa matukio

Kabla ya sheria mpya, Kampuni ilikuwa tayari na wateja ndani ya Soko. Hawakuwa wengi, na walikuja wenyewe kwa sababu ya odi, kwa leseni ya kisiwa fulani cha mbali. Swali la kwanza mezani likawa: tuwaache waendelee huku tunaomba leseni, au tuwafunge kwanza?

Waliamua kuwafunga. Mdhibiti alikuwa ametangaza kwamba atapima historia ya kila mwombaji, na mwanasheria wao alisisitiza kwamba kampuni itakayokutwa inapokea madau bila leseni siku ya maombi itakuwa imejikata yenyewe. Kila mteja alipewa taarifa, akapewa muda wa kutoa salio lake, na akaunti zikafungwa. Walilipa mpaka senti ya mwisho. Mkuu wa idara ya bei hakupinga uamuzi huo, ila alisema neno moja ambalo liliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na hakuna aliyelitilia maanani: "Hawa tunaowafunga leo ndio wanaotuambia bei."

Ilichukua miezi mingi kutoka siku ya kufunga akaunti mpaka siku ya kupata leseni. Wale wakubwa hawakukaa kusubiri. Walihamia kwa mawakala wanaobeti kwa niaba ya wengine kwenye masoko ya mbali, wakazoea huko.

Likaja jedwali. Kila mradi wa kuingia nchi mpya ulikuwa na jedwali lake la hesabu, na hili lilinakiliwa kutoka mradi uliotangulia. Katika nchi ile ya awali kodi ilikuwa asilimia fulani ya mapato ghafi, yaani kinachobaki baada ya washindi kulipwa. Mstari wa kodi ukaachwa ulivyo, 5% ikaandikwa mahali pake, na jedwali likatoa picha ya kupendeza: katika mapato ya 2.5, kodi ni 0.125. Picha hiyo ilikaa kwenye slaidi kwa wiki kadhaa. Aliyeivunja ni kijana wa uhasibu aliyekuwa na miezi minne kazini. Aliuliza kikaoni, kwa adabu kabisa, "Samahani, hii asilimia tano ni ya nini?" Ukimya ulidumu kidogo. Kodi halisi ilikuwa 5 katika kila 100 za dau, dhidi ya mapato ya 2.5. Jedwali likawa jekundu kuanzia juu mpaka chini.

Hapa ndipo mradi ulipopaswa kusimama, na ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu waliokuwa chumbani hawakuwa wajinga. Waliendelea kwa sababu tatu. Fedha za mwanasheria, maabara na seva zilikuwa zimeshatumika. Dirisha la maombi lilikuwa na tarehe ya mwisho, na hakuna aliyejua litafunguliwa tena lini. Na kulikuwa na imani, iliyorudiwa mpaka ikawa kama habari, kwamba serikali ingeona kodi yake haikusanyi kitu na ingeibadilisha iwe ya mapato ghafi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Imani hiyo haikuwa upuuzi. Ufaransa ilifanya hivyo hivyo, lakini ilichukua miaka 10: kodi ya madau ya 2010 ilikuja kuwa kodi ya mapato ghafi mwaka 2020.

Nani alipe kodi

Baada ya jedwali kusahihishwa, mjadala ukawa juu ya namna ya kuibeba ile 5. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kushusha odi kutoka 1.95 hadi 1.85, ambapo mkato unakuwa 7.5 na baada ya kodi inabaki 2.5 ileile. Ya pili, kuonyesha 1.95 kama kawaida na kukata 5% kwenye malipo ya mshindi. Ya tatu, kubeba hasara kwenye mechi kubwa tu kama tangazo, na kushusha odi kwenye nyingine zote.

Walichagua ya pili. Sababu yao ilikuwa ya jina: Kampuni ilijulikana kwa 1.95, na tovuti za kulinganisha odi zingeendelea kuionyesha juu kabisa ya orodha. Sababu nyingine ilikuwa ya kiufundi. Kushusha odi kwa nchi moja kungehitaji injini ya bei ya pili, yaani programu nyingine ya kupanga odi, na kila badiliko lake lingerudi maabara.

Hesabu yenyewe ilikuwa na tundu dogo. Ukikata 5% kwenye malipo, na malipo ni 97.5 katika kila 100, unakusanya 4.875. Serikali inataka 5. Ile 0.125 inatoka mfukoni mwako. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke mapato yote ni 2.5; umeshatoa sehemu ya ishirini ya mapato yako kabla hujalipa mshahara wa mtu yeyote.

Wiki ya pili baada ya kufungua, mtu wa huduma kwa wateja alinionyesha mazungumzo kwenye skrini yake. Mteja alikuwa ameweka 1,000 kwenye odi ya 1.95 na ameshinda. Tiketi ilionyesha: malipo 1,950.00, kodi 97.50, unapokea 1,852.50. Mteja hakutukana. Aliandika tu: "Pale kwingine wananipa 1.87 na hawanikati kitu. Kwa hiyo ningepata 1,870. Nyinyi bei nafuu yenu iko wapi?" Yule kijana wa huduma alikuwa na jibu lililoandaliwa kuhusu sheria ya kodi ya nchi. Alilituma. Mteja hakujibu, na hakuweka dau tena.

Washindani walikuwa wanalipa kodi ileile. Walikuwa wanaibeba ndani ya 6.5 yao kwenye dau la mechi moja, wakibaki na 1.5, na hawakujali sana, kwa sababu fedha zao hazikuwa hapo. Zilikuwa kwenye mikeka, yaani dau moja linalounganisha mechi kadhaa ambazo zote lazima zitimie. Nitalirudia hilo.

Miezi iliyofuata

Waliojisajili walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Madau yalikuwa machache kuliko ilivyotarajiwa. Wale weledi wa zamani wachache walirudi kuangalia, wakapiga hesabu ya 1.8525, wakaenda zao. Waliobaki waligawanyika makundi mawili: wadadisi waliokuwa wameona jina kwenye tovuti za kulinganisha, na kikundi kidogo cha watu waliokuwa wanashinda kwa kiwango cha kutisha.

Kikundi hicho cha pili kilichukua wiki kueleweka. Kila dau lilipaswa kwanza kuandikwa kwenye seva ya kumbukumbu ya ndani ya nchi, na bei zilifika huko zikitoka kwenye injini kuu iliyo ng'ambo. Katikati kulikuwa na sekunde chache. Habari ya majeruhi ikitoka na odi ikaporomoka duniani kote kutoka 2.10 hadi 1.80, tovuti ya Soko ilibaki na 2.10 kwa pumzi mbili tatu. Toa kodi: 2.10 mara 0.95 ni 1.995. Bado ni bora sana kuliko 1.80. Watu wale walikuwa wanakaa kusubiri nyakati hizo tu. Kubeti laivu, yaani mechi ikiendelea, ndiko kulikoumia zaidi, na baada ya muda mfupi Kampuni ilianza kuchelewesha kukubali madau ya laivu, ikakataa mengi, na wadadisi waliokuwa wamebaki wakakasirika.

Kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza uongozi uligeuza meli. Bonasi ya kumkaribisha mteja mpya ikaletwa, jambo ambalo Kampuni haikuwahi kulifanya popote. Mikeka ikawekwa ukurasa wa mbele. Kodi ikasamehewa kwenye mikeka ya mechi tano na zaidi. Na wateja wanaoshinda sana wakaanza kupunguziwa kikomo cha dau. Siku ya hatua hiyo ya mwisho naikumbuka kwa sababu mkuu wa bei aliomba jina lake lisiwe kwenye barua ya uamuzi huo.

Matokeo

Miaka miwili na ushee baada ya kufungua, Kampuni ilirudisha leseni. Kodi haikuwa imebadilishwa. Mikeka ilianza kuingiza fedha lakini bonasi zilikula zaidi, kwa kuwa sasa walikuwa wanapigana kwenye uwanja wa watu waliokuwa na jina, maduka, na mikataba ya udhamini. Kufunga kulikwenda vizuri: wateja walipewa notisi, salio likalipwa, na mdhibiti akatoa barua safi ya kuondoka. Barua hiyo ilikuja kuwa na thamani baadaye.

Uchambuzi: kodi inapigwa wapi

Rahisi kusema "kodi ilikuwa kubwa." Sivyo. 5% si kubwa, na 51% inaweza kubebeka. Kinachoamua ni kodi inapigwa juu ya nini.

Linganisha na New York, ambako kubeti kwa simu kulianza Januari 2022 kwa kodi ya 51% ya mapato ghafi. Mwenye 2.5 anabaki na 1.225; mwenye 6.5 anabaki na karibu 3.2. Wote wameumia kwa uwiano mmoja. Ila juu yake kuna ushuru wa serikali kuu ya Marekani wa 0.25% ya madau, na huo unachukua sehemu ya kumi ya mapato ya mwenye 2.5, huku kwa mwenye 6.5 ukiwa kama sehemu ya ishirini na sita. Jimbo la Illinois lilikwenda mbali zaidi: tangu Julai 2025 linatoza senti 25 kwa kila dau katika madau milioni 20 ya kwanza ya kampuni kwa mwaka, kisha senti 50 kwa yanayozidi. Senti 25 kwenye dau la dola 10 ni 2.5%. Ni mkato wote wa kampuni kama hii tunayoisimulia, kabla hata ya kodi ya mapato.

Kwa hiyo kila gharama inayohesabiwa kwa dau, iwe kodi, ada ya data rasmi ya mechi, au ada ya malipo, humpiga mwenye mkato mwembamba mara kadhaa zaidi ya jirani yake. Na mzunguko unaongeza. Mteja mweledi akiweka 1,000 mwanzoni mwa mwezi na kuizungusha mara kumi, amebeti 10,000. Kampuni inatarajia 250, serikali inataka 500. Mteja bora kuliko wote wa nchi nyingine anakuwa hasara kubwa kuliko zote hapa. Ukimpa yeye kodi hiyo aibebe, fedha zake zinaisha karibu mara tatu haraka kuliko awali, na mtu anayeishi kwa hesabu hahitaji kuambiwa.

Sasa mikeka. Chukua mechi tano, kila moja kwa 1.87. Kila mechi inarudisha 93.5 katika 100. Tano zikizidishwa zinarudisha kama 71.5. Mkato wa mkeka huo ni 28.5. Kodi ya 5 kwenye 28.5 ni kero tu. Mechi hizohizo kwa 1.95 zinatoa mkato wa karibu 12, ambao nao unabebeka. Kodi ya madau inaadhibu dau la mechi moja na kuubeba mkeka mgongoni. Sijui kama watunga sheria waliliona hilo, ila matokeo yake ni kwamba sheria iliyoandikwa kulinda wachezaji inawasukuma kwenye aina ya dau inayowala zaidi.

Tennessee ni mfano wa wazi kuliko yote. Ilipofungua mwaka 2020 iliamuru kila kampuni ibaki na angalau 10% ya madau kwa mwaka. Mwaka 2023 sharti hilo liliondolewa na kodi ya 1.85% ya madau ikawekwa mahali pake. Kwa mtu wa mkato mnene hiyo ilikuwa afueni. Kwa mwenye 2.5, 1.85 inaacha 0.65.

Uchambuzi: kilichopotea ambacho hakikuwa kwenye jedwali

Hata jedwali sahihi lilikosa jambo moja, na kwangu hilo ndilo kiini cha kisa.

Kodi ya 5 iliwafukuza wabashiri wote weledi isipokuwa wale ambao makosa yetu yalikuwa makubwa kuliko kodi. Fikiria maana yake. Kwenye soko lisilo na kodi hiyo, mweledi anayeona odi ya 1.95 ambayo inapaswa kuwa 1.90 anaweka dau, na bei inasahihishwa kwa hasara ndogo. Maelfu ya masahihisho madogo kama hayo ndiyo yanayofanya bei ya kampuni ya mkato mwembamba iaminike, na ndiyo yanayoiruhusu ikate 2.5 tu bila kufilisika. Weka kodi, na kosa la asilimia mbili au tatu halimlipi tena mtu kulisahihisha. Ananyamaza. Kinachobaki ni makosa makubwa ya ghafla, kama zile sekunde za majeruhi, na hayo huja na watu ambao hawakufundishi chochote, wanachukua tu.

Hivyo Kampuni ilipoteza ushauri ikabaki na hasara. Kwenye mechi kubwa za dunia haikuhisi, maana bei ilitoka kwenye injini kuu iliyokuwa bado inalishwa na wateja wa nchi nyingine. Iliumia kwenye ligi za ndani za Soko, ambako weledi wa huko ndio waliokuwa wanajua nani amelala wapi, na hao ndio waliofungiwa akaunti mwanzoni kabisa. Ile kauli ya mkuu wa bei ilikuwa imewekwa kwenye kumbukumbu, ikapewa namba ya aya, ikaachwa.

Kikomo cha kuweka fedha kwa mwezi kilifanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Kikomo kinamlinda mtu anayepoteza, na sina ugomvi nacho. Ila mfumo unaotegemea madau makubwa ya wachache unakosa hewa pale kila mtu analazimishwa kuwa mdogo.

Historia ina mifano ya wazi ya kampuni za mkato mwembamba kuona hesabu na kuondoka mapema. Betfair, kampuni ya kubeti ambayo kwenye soko lake la kubadilishana madau (wateja wanabetiana wao kwa wao) inaishi kwa kamisheni ndogo, ililifunga soko hilo kwa wateja wa Ujerumani mwaka 2012 baada ya kodi ya madau kuanza. Pinnacle, yenye sifa ya mkato mdogo na kupokea washindi, iliacha wateja wa Marekani Januari 2007, miezi michache baada ya sheria ya kuzuia malipo ya kubeti mtandaoni, na ikatoka Uingereza mwaka 2014 sheria mpya ya leseni na kodi ilipokuja. Uingereza ilitoza 15% ya mapato ghafi, si ya madau. Kwa hiyo hata kodi ikipigwa mahali pazuri, gharama nyingine za leseni hazikosi.

Kilichofanya kazi

Nisiwe wa kulaumu tu. Kufunga akaunti za zamani kwa usafi kuliwapa leseni bila maswali, wakati waombaji wengine walichelewa. Uhakiki wa vitambulisho waliojenga kwa ajili ya Soko ulikuja kutumika nchi nyingine. Na kuondoka kwao, kwa malipo kamili na kwa wakati, kulifanyika vizuri kuliko kuingia.

Uamuzi wa kuonyesha 1.95 na kukata baadaye ulikuwa kosa la aina yake, na nadhani ni kosa ambalo 1.85 ya wazi isingelifanya. Mteja husamehe bei mbaya. Anayehesabu hasamehi kuonyeshwa bei moja na kulipwa nyingine, hata kama maelezo yapo kwa herufi za kawaida chini ya tiketi. Kwa upande mwingine, 1.85 ya wazi ingewaacha bila sababu ya kuwepo sokoni, kwa kuwa jirani ana 1.87. Sidhani kulikuwa na njia ya tatu kwenye dau la mechi moja, na hiyo ndiyo ingekuwa sababu ya kutopeleka maombi.

Mwaka mmoja baada ya kurudisha leseni, Kampuni ilirudi Sokoni kwa mlango mwingine. Ile barua safi ya mdhibiti iliwasaidia kuidhinishwa kama muuzaji wa huduma, na sasa inauza bei zake kwa moja ya kampuni za ndani zilizokuwa zinaishinda. Haipokei dau, kwa hiyo haidaiwi kodi ya dau. Inalipwa ada ya kila mwezi. Niliwahi kuona namna inavyofanyika. Injini inatuma 1.95 kwa 1.95. Kwenye seva ya mteja wao kuna sehemu moja ya programu inayoishika namba hiyo kabla haijafika kwenye skrini, na mbashiri anasoma 1.87.